Meza ya Mchora Mazimwi

Anayechora ng'ombe ana mashahidi wengi. Bandika mchoro wa ng'ombe kwenye ukuta wa duka pale kwetu Ringwani, mkoani Mara, mtoto wa darasa la kwanza atakuambia kama pembe zimekaa sawa, na mzee mwenye fimbo yake atakuambia kwamba ng'ombe huyo hajanyweshwa maji. Anayechora zimwi hana wa kumtolea ushahidi. Kiumbe wake hajawahi kuonekana zizini wala mtoni, kwa hiyo anayesimama mbele ya picha hawezi kusema imefanana au haijafanana. Linalomtoka ni swali moja: huyu ni nani?

Naandika sura hii kwa ajili ya swali hilo. Vijana wengi wanaochora viumbe wa kubuni huona maonesho kama siku ya mavuno: umelima chumbani, sasa unaleta sokoni, watu wanapima na kununua au kuacha. Mimi nashikilia kwamba maonesho ni sehemu ya kuchora kwenyewe. Zimwi ambalo halijaulizwa na mtu ni nani bado halijakamilika, hata kama wino wake umekauka.

Wenzetu wa mbali waliliona jambo hili mapema. Kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi lilifanyika New York mwaka 1939, na aliyepewa heshima ya mgeni rasmi ni mchoraji, Frank R. Paul, mtu aliyesomea usanifu majengo na kuchora majalada ya jarida la Amazing Stories. Sioni ajabu. Wasomaji wale walikuwa wameingia kwenye dunia hizo kwa kupitia picha zake kabla hawajasoma mstari wa kwanza. Siku hizi mikusanyiko ya aina hiyo ni mingi, na mingine, kama IlluxCon ya Pennsylvania iliyoanza 2008, inawahusu hasa wachoraji wa viumbe na nchi za kubuni. Utaratibu wa vyumba vya sanaa vya makongamano hayo ni rahisi kuueleza. Mchoraji anakodi ubao au meza. Chini ya kila picha anabandika karatasi yenye jina la kazi, aina ya rangi aliyotumia na bei ya kuanzia. Anayeitaka anaandika jina lake na kiasi anachotoa, na mwingine akiipenda anapanda juu yake. Picha iliyogombewa sana inapelekwa mnadani.

Kwetu Afrika Mashariki kilicho karibu zaidi na hayo ni matamasha ya vibonzo ya Nairobi, na NAICCON ndilo linalotajwa kwanza. Pale utakuta vitabu vya vibonzo, michezo ya kompyuta, vijana waliovaa kama wahusika wanaowapenda, na safu ya meza ambapo wachoraji wamekaa nyuma ya kazi zao. Kutoka Mara, Nairobi inafikika kwa barabara: unavuka Mto Mara, unaingia Tarime, unapita mpaka wa Sirari kwenye kituo kimoja cha huduma za nchi mbili, kisha Migori, Kisii, hadi jijini. Si mara ya kwanza kwa kalamu ya Mtanzania kupanda kaskazini. Godfrey Mwampembwa, ambaye dunia inamjua kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza masomo ya usanifu majengo katika Chuo cha Ardhi, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora katuni za magazeti ya Nation. Yeye na Paul wote walipita kwenye rula ya msanifu majengo kabla ya kuiacha, na nadhani kuna sababu: mkono uliozoea kujenga nyumba isiyokuwepo bado hausumbuki kujenga mtu asiyekuwepo.

Mimi nilipopata meza yangu ya kwanza kwenye tamasha mojawapo la Nairobi, michoro niliisafirisha ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, lile la mafundi bomba, lililozibwa kwa vifuniko pande zote mbili. Nalipendekeza kwa kila mchoraji anayetoka mikoani. Halikunjiki kwenye buti la basi, mvua haipenyi, na likipata mkanda wa kubebea linakaa begani kwenye bodaboda bila taabu. Ndani yake nilikuwa na picha kubwa chache za wino na rangi ya maji, na nakala zilizochapwa kwenye karatasi nzito za ukubwa wa A4 na nyingine nusu ya hapo.

Saa za mwanzo watu wanapita. Hili waliotangulia hawalisemi vya kutosha, kwa hiyo mimi nalisema. Wanatupa jicho, wanatabasamu, wanaenda meza inayofuata, na wewe umekaa na chenji mfukoni ukijifanya unapanga kadi ambazo zimekwisha pangwa. Jirani yangu wa meza, dada mwenyeji wa jiji aliyekuwa amekwisha kuuza kidogo, alinitazama akanishauri kwa upole: "Kaka, usikae tu. Chora hapo hapo. Watu wanapenda kuuona mkono." Nikatoa karatasi, nikafungua wino, nikaanza zimwi jipya. Hazikupita dakika nyingi mtoto wa kiume akasimama, mama yake naye akalazimika kusimama.

Nilikuwa nachora kisogo. Zimwi hili bibi yangu alikuwa akitusimulia, na ndugu zake wako katika hadithi za makabila mengi ya Afrika Mashariki: linakuja kama kijana mtanashati kuposa, nywele ndefu nadhifu, maneno matamu, na nyuma ya kichwa, chini ya nywele hizo, lina mdomo wa pili. Msichana hujua alichoolewa nacho siku anapoona nzi wakipotelea kisogoni kwa mume wake.

"Mbona mdomo uko nyuma?" mtoto akauliza.

Nikamsimulia. Alisikiliza hadi kwenye nzi, akainama karibu kabisa na karatasi, akasema, "Kwa hiyo akila mbele, nyuma nako kunatafuna?"

Swali hilo bibi hakuwahi kuulizwa, au kama aliulizwa hakutuambia. Hapo hapo nikachora taya la nyuma likiwa limefunguka nusu, na misuli ya shingo ikivutwa pande mbili. Ukitazama mchoro ule leo, uhai wake wote uko kwenye shingo. Mama alinunua nakala ndogo ya picha nyingine, mtoto akaondoka huku akigeuka nyuma kutazama visogo vya watu.

Wachoraji wenzangu hupenda kusema kwamba picha nzuri inajieleza yenyewe. Kwa picha ya kiumbe wa kubuni sikubaliani nao hata kidogo, na historia ya sanaa yetu iko upande wangu. Viumbe wa ajabu walioitangaza Tanzania duniani walizaliwa kwenye kaunta, barazani na chini ya miti, mahali ambapo mtengenezaji na mtazamaji walitazamana usoni.

Chukua mashetani ya Wamakonde. Wachongaji wengi walitoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaingia Tanganyika kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na ufundi wa kuchonga wakaja nao. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, Samaki Likankoa alimpelekea mfanyabiashara Mohamed Peera kinyago kisichokuwa sura ya binadamu wa kawaida: mwili umepinda, viungo havipo mahali pake. Peera angeweza kukikataa kama kazi iliyoharibika. Alikipokea na kutaka vingine, na wachongaji wengine wakaifuata njia hiyo hadi neno shetani likawa aina nzima ya uchongaji, inayojulikana na makumbusho ya nchi za mbali. Mimi hupenda kufikiria dakika ile kwenye kaunta. Hakukuwa na ukumbi wala kadi za mwaliko. Kulikuwa na mti mweusi uliochongwa, mtu mmoja anauliza na mwingine anajibu.

Edward Saidi Tingatinga naye, mzaliwa wa Tunduru, alianza kupaka rangi mwaka 1968 kwenye hadbodi za dari kwa rangi zilezile za kupakia baiskeli, na picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Bodi ya futi nne kwa nane inatoa vipande nane vya futi mbili kwa mbili bila kupoteza hata ukanda, na nadhani ndiyo maana umbo la mraba limekaa kwenye shule yake mpaka leo. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu! Wanafunzi wake wakaendelea, na miongoni mwa waliofuata nyayo zake wako walioiacha mbuga na wanyama wake wakajitosa kwenye mashetani, Jaffary Aussi akiwa wa kukumbukwa zaidi.

Ila kwa mchoraji anayechipukia, mtu wa kumsoma kwa makini ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 kijiji cha Kikwetu, upande wa Masasi, akajifunza kuchonga kama vijana wa kwao. Alipofika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, kwa kazi ya ulinzi. Mlinzi! Vinyago alivyokuwa akichonga vikaonekana, akaingizwa katika kundi la wasanii, na kufikia 1978 kazi zake zilikuwa zinaoneshwa Washington. Kutoka kwenye mti alihamia kwenye bati, ngozi, karatasi na hadbodi, na viumbe wake ukiwaona mara moja huwasahau: masikio makubwa, midomo iliyoning'inia, matumbo mbele, vidole viwili vitatu. Wamejaa katika picha kama abiria wa daladala jioni. Na wanafanya nini? Wanapika, wanagombana, wanapeleka mgonjwa hospitali, wanacheza ngoma. Hawatishi, wanaishi.

Nyingi ya picha zake zina majina marefu ya Kiswahili, sentensi kamili inayosema nani anafanya nini na kwa nini. Sijui mchoraji mwingine aliyelijibu swali la mtazamaji kwa ukarimu kama huo. Jibu la "huyu ni nani" lilikuwa limekwisha andikwa kabla picha haijatoka kwake, na liliandikwa kwa lugha ya jirani zake, hata picha ilipokuwa inaelekea Ulaya. Alifariki mwaka 2005, baada ya kuugua kisukari kilichofanya hata akatwe miguu, akiwa bado anafanya kazi na wasaidizi wake. Kijana anayeandika "Bila jina, wino kwenye karatasi" chini ya mchoro wake akamtazame Lilanga kwanza.

Kanda yetu ya ziwa nayo ina jambo la kuongeza, tena la kushangaza zaidi. Usukumani, wanachama wa vyama vya waganga wa nyoka, Bayeye, walikuwa wakichora kuta za ndani za nyumba walimofundishia wanachama wapya: nyoka, watu wa masimulizi, viumbe wa asili yao. Hans Cory, aliyefanya utafiti wa jamii za Tanganyika enzi za Waingereza, alitoa kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Asiye mwanachama hakuiona. Na aliyeruhusiwa kuiona hakuachwa peke yake nayo. Alifundishwa kila umbo lina maana gani. Ukumbi wa siri na meza ya Nairobi haviko mbali kama vinavyoonekana, maana kote kuwili mchoro una mtu aliyesimama pembeni yake.

Hatari ipo, na ni kubwa. Mtazamaji anayekusaidia kukamilisha zimwi anaweza pia kukunyang'anya. Picha za mtindo wa Tingatinga zimerudiwa kwa ajili ya watalii mpaka twiga na mlima vimekuwa muhuri, na kila anayezipenda kazi za mwanzo anaumia kuona hivyo. Kwenye meza ya tamasha la vibonzo mvutano unatoka upande mwingine: vijana wanataka wahusika wa katuni za Kijapani. Wanakuja na simu, wanakuonesha Naruto, wanauliza unaweza kumchora kwa dakika ngapi. Siwadharau, kwa sababu vijana hao hao ndio wanaosimama muda mrefu kwenye zimwi la bibi, na shauku yao ni ya kweli. Nilichojiwekea ni kwamba kuchora kwa oda kunafanyika mwisho wa siku, na uso wa meza ni wa viumbe wangu. Mtu akipita akaona Naruto mbele, ameshajua wewe ni nani kabla hajauliza.

Bei nayo isiachiwe huruma. Andika bei, iandike kwa tarakimu kubwa, na weka kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukimudu. Picha kubwa za asili zinawasimamisha watu. Nakala ndogo ndizo zinazolipa nauli. Nyuma ya kila nakala weka jina lako, mwaka na namba ya simu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu unapomaliza kuchora, hata kabla ya kusajili, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Lakini tarehe iliyoandikwa inakuokoa na mabishano mengi siku utakapoikuta kazi yako kwenye fulana ya mtu. Masimulizi yenyewe ni ya jamii. Mkono wako ndio wako.

Meza pia ina wageni ambao hawanunui kitu. Anakuja mhariri, anafungua kila ukurasa wa jalada lako, anauliza kama unaweza kumchora mtu yule yule kurasa 24 bila kumbadilisha sura, kisha anaondoka na kadi. Huyo msubiri. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vinahitaji wachoraji, na tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze Tanzania mwaka 1991, wachapishaji wetu wametoa hadithi nyingi ambazo picha ni nusu ya kazi. Na fasihi ya watu wazima imejaa nchi ambazo zinasubiri kalamu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iliyo angani. Kezilahabi akatupeleka Nagona, Wamitila akatupa Bina-Adamu!. Nikizisoma hizo, mkono unaniwasha. Naiona Kusadikika kwa chini, kama mtu aliyelala chali malishoni angeiona: vitako vya nyumba, mizizi ya miti ikining'inia hewani, kivuli cha nchi kikipita juu ya mashamba. Hiyo picha nitaichora.

Ila ukumbi mgumu kuliko wote niliowahi kuingia uko nyumbani. Niliporudi Ringwani niliitundika michoro ile ile kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, kivulini, siku ambayo watu walikuwa wengi. Nairobi nilikuwa nimeulizwa zimwi ni nani. Hapa wazee walikuwa wanamjua, na walikuja kumkagua kama wanavyokagua fahali.

Mzee wa kwanza alizunguka upande wa nyuma wa karatasi, kana kwamba kisogo kingekuwa huko, akarudi mbele. "Mura, hili lako linacheka. Zimwi halicheki. Likicheka, msichana atalikubali, sasa kwa nini aogope baadaye?"

"Ndiyo maana linacheka, baba," nikamjibu. "Linaposa."

Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuni akazitua chini akaingilia: kucheka linacheka, ila mdomo wa nyuma ndio unaocheka, wa mbele unaongea tu. Mzee akakataa katakata. Alivyosimuliwa yeye na mama yake, mdomo wa nyuma haufunguki mpaka usiku, na mchana hata nzi hawaujui. Mama naye akasema kwao nzi wapo tangu siku ya posa, ndiyo dalili, na binti asiyeona nzi amelelewa vibaya. Watoto wakawazunguka, wengine wakaanza kushika visogo vyao. Hakuna aliyezungumzia wino, karatasi wala bei, na mimi nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimeandika bei.

Walibishana hadi mama akakumbuka kuni zake. Kila mmoja aliniachia maagizo yake waziwazi, na maagizo hayo hayapatani. Kwa hiyo seti mpya itakuwa na mazimwi mawili yanayoposa nyumba moja: la mzee, lenye kisogo kilichofungwa kama kovu hadi jua lizame, na la mama, lenye nzi tangu asubuhi. Chini ya kila moja nitaandika sentensi nzima ya mwenyewe, kama ilivyotamkwa, na yatatundikwa bavu kwa bavu, kwanza kwenye kamba ya Ringwani, kisha Nairobi.